Jaribio namba 12: Dar mpaka Kamachumu na kamera ya Ticha

Siku ya kwanza, Dar – Dodoma

Nimetoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, begi moja la nguo na begi moja la mambo yetu. Hilo la pili ndo lilinichelewesha pale stesheni ya SGR, maana lilivyopita kwenye mashine askari akaniita pembeni, kaka fungua hapa, akatoa mfuko wa nailoni wenye mawe mawe meupe yamechanganyika na vumbi, akaniangalia usoni. Nikamwambia afande hayo ni magadi, ya kupikia maharage. Akanusa. Akauliza na hii chupa umeandika SUMU? Nikamweleza hiyo ni fiksa, dawa ya kusafishia mkanda wa picha, zile picha za zamani. Akashika kamera, Zenit ya mkanda, akaigeuza geuza, akasema marehemu baba yangu alikuwa nayo kama hii. Akanirudishia kila kitu na kunifungia zipu mwenyewe.

Kamera sio yangu. Ni ya Ticha. Tulikutana 2014 Kariakoo kwa mzee mmoja anauza vitu chakavu, redio, pasi za mkaa, saa mbovu, kila mtu kaja na hamsini zake na wote tumeikazia macho Zenit E moja ipo chini ya meza, chini kwenye kifuniko imeandikwa Made in USSR. Mimi nina elfu ishirini na mzee anataka thelathini, yule bwana nisiyemjua akatoa thelathini yake akalipa alafu akanigeukia akasema hii tutatumia wote. Hivyo tu. Nikadhani ni maneno ya kunipoza, kumbe ndo alivyo. Alikuwa anafundisha kemia sekondari moja Temeke, Mhaya wa Kamachumu, mtu wa kucheka kwa sauti kubwa mpaka watu kwenye daladala wanageuka. Kuanzia hapo kila Jumamosi tulikuwa wawili na kamera moja, wiki hii inalala kwake wiki ijayo kwangu, na alipofariki Machi 2021 ilikuwa zamu yangu.

Nilikuwa Songea kikazi. Napigiwa simu jioni, kesho yake jeneza linasafirishwa Bukoba, mi hata Dar sijafika. Nikatuma rambirambi kwa simu. Sikuzika. Watu wengi watakwambia haina shida ndugu, umeshiriki kwa hali na mali, ila wewe mwenyewe ukilala unajua kuna mtu umekula nae sahani moja miaka saba na hukutia hata koleo moja la udongo.

Kwenye treni nimekaa dirishani upande wa kulia. Sikupata Mchongoko, ile treni ya haraka, nimepanda ile ya kawaida na kwangu ni sawa tu. Nimeweka mkanda wa Fomapan 100, nikaseti shata, ule mlango wa mwanga, 1/30 ya sekunde ambayo ndo ya chini kabisa kwa Zenit ukiacha B, ile inayobaki wazi muda wote umebonyeza, alafu napeleka kamera taratibu kufuata kitu kimoja nje, mti au nguzo, ili hicho kibaki na vingine vyote vivutike kama mistari. Hii Ticha aliijaribu kwenye daladala za Mbagala ikawa haiwezekani maana barabara inatikisa kila kitu. Treni hii haitikisi. Baada ya Morogoro milima ikaanza kusogea, tukaingia mahandaki ya upande wa Kilosa, nikaweka B, nikahesabu mpaka nne nikielekeza kwenye kioo, nilitaka sura za abiria zikae juu ya giza. Mtoto mmoja akaniuliza anko mbona hauangalii umepiga nini. Nikamwambia bado haijawa picha, inalala kwanza.

Dodoma nimefika mapema, nimepata chumba karibu na stendi. Usiku nimefungua daftari lake.

Niseme kidogo hili daftari. Ni kaunta buku, jalada gumu, kurasa za mwanzo ni maksi za kidato cha tatu alafu katikati unakuta kichwa cha habari MAJARIBIO. Kuna kumi na moja tuliyoyafanya. Yalianza pale lab za picha zilipofungwa moja moja mjini, tukawa na mikanda haina pa kusafishiwa, dawa za kuagiza nje bei yake mshahara wa mwalimu hauifikii. Siku moja akaja kanishika bega akasema unajua kahawa inasafisha mkanda? Nikadhani kachoka. Kumbe ni kweli kabisa, 1995 pale Rochester kule Marekani mwalimu mmoja wa chuo anaitwa Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa ya kopo ukiichanganya na soda ya kufulia inageuza ile fedha iliyopigwa mwanga kuwa nyeusi, kama dawa yoyote ya dukani. Baadae watu wakaongeza vitamini C ikawa na nguvu zaidi na haiachi ukungu mwingi. Kipimo kinachotumika sana kwa lita moja ni soda gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa gramu 40, dakika 15 kwenye digrii 20.

Ticha hakuishia hapo. Alisema soda ya nini wakati Ziwa Natron lipo, magadi si ndo hiyo hiyo imechanganyika na baikabonati, ukiikaanga kavu kwenye sufuria inatoa hewa na maji inabaki soda. Kahawa ya nini kutoka nje wakati Africafé inatengenezwa kwetu Bukoba. Akaamua kusafisha mkanda kwa vitu vya nchi hii peke yake, ikawa ndo kazi ya maisha yetu ya Jumamosi. Vitamini C alitaka kuitoa kwenye ubuyu, jaribio namba 6, tukaloweka unga wa ubuyu kilo nzima na mkanda ukatoka mweupe pee. Akapiga hesabu usiku akaniandikia, ubuyu ni mchachu, uchachu wake umekula soda yote, na hiyo vitamini ndani yake ni kidogo sana tungehitaji kilo kadhaa. Namba 7 tukarudi kwenye vidonge vya duka la dawa, vidonge 80 vya miligramu 100 kwa tanki la nusu lita, tunavisaga na chupa ya soda juu ya meza. Namba 9 fiksa ya chumvi, gramu 300 kwa lita, tukaacha mkanda siku nzima na usiku wake, ikakubali.

Namba 12 haikuwahi kufanyika. Kaandika: KAHAWA YA KWA MAMA. Chini yake mistari mitatu. Usikaange sana, ikiungua dawa inapotea. Kahawa ya kinu inatoa kama robo tu ya uzito wake ikichemka, kwa hiyo gramu 20 za kopo ni kama gramu 80 za kinu. Maji hayahitaji barafu.

Basi. Ndo naenda kuifanya hiyo.

Siku ya pili, Dodoma – Mwanza

Basi, na basi ni basi. Bahi, Manyoni, Ikungi, Singida. Pale Singida wamesimama kidogo, wauzaji wamekuja na madumu ya mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji wamefungwa miguu, nikapiga mbili nikiwa mlangoni kwa mkanda mwingine, Kodak Gold 200 ambayo iliisha muda 2006. Kanuni aliyokuwa anaifuata Ticha ni kila miaka kumi unaongeza mwanga mara mbili, kwa hiyo huu naupiga kama ASA 50 badala ya 200, ASA ndo wepesi wa mkanda kunasa mwanga. Ni mkanda wa rangi ila utaingia kwenye kahawa na utatoka mweusi na mweupe, sisi tulishazoea hivyo.

Mlima Sekenke, Shelui, mbuga ya Wembere imekauka mpaka inang'aa, Igunga, Nzega. Jirani yangu alikuwa mama wa Kisukuma anaenda Shinyanga, amenipa nusu ya muhogo wake. Kanisikia nasema naenda kuhani msiba wa miaka minne nyuma, hakushangaa. Kasema, "Msiba hauozi mwanangu, nenda."

Nyegezi usiku. Nimelala na viatu.

Siku ya tatu, Mwanza

Meli ni usiku kwa hiyo mchana wote ni wangu. Nimeenda kuliangalia jiwe la Bismarck, kila mtu anayefika Mwanza analipiga na mimi nimelipiga. Nilitaka kujaribu kitu kimoja, nimepiga jiwe alafu sikusogeza mkanda mbele, na Zenit haikubali kukoki bila kusogeza kwa hiyo kuna ujanja, unashikilia kirungu cha kurudishia mkanda kisizunguke, unabonyeza kitufe cha kuachia, alafu ndo unavuta wenzo taratibu. Shata inajikoki, mkanda unabaki pale pale. Mara nyingine unateleza milimita mbili tatu. Nikapiga juu yake watu wanaosubiri kivuko cha Kamanga.

Hii inanirudisha kwenye picha pekee niliyonayo ya Ticha. Mtu ambaye nimekuwa nae na kamera miaka saba sina picha yake zaidi ya moja, maana kamera ikiwa moja na watu wawili anayeishika haonekani, na akiishika yeye mimi ndo naonekana, ninazo zangu kibao. Hiyo moja ni kosa. Mwaka 2017 mkanda mmoja tuliuweka mara mbili bila kujua, kwanza nilipiga Feri, boti na mawimbi na wauza samaki, wiki ya pili nikampiga yeye kasimama kwenye mlango wa stoo ambayo ndo ilikuwa chumba chetu cha giza. Vyote vimeingia kwenye picha moja. Mwili wake umejaa bahari. Uso hauonekani vizuri, kuna ngalawa imepita juu ya macho. Yeye aliipenda sana, mi nilikuwa naionea aibu, nikasema tutapiga nyingine siku yoyote, si tupo.

Nimeichapisha kubwa, ipo katikati ya daftari ndani ya bahasha ya kaki. Nampelekea mama yake na nina wasiwasi. Unampelekaje mama picha ya mwanae isiyo na macho?

Jioni bandari ya kaskazini, MV Victoria. Hii meli ni ya tangu 1960, imekarabatiwa ikarudi majini 2020. Nimekata daraja la kukaa. Taa za Mwanza zilivyoanza kupotea kelele ya watu ikashuka, mzee mmoja pembeni yangu akavua kofia akaishika mkononi muda kidogo alafu akavaa tena. Hakusema kitu na sikuuliza. Huku ndo ilipozamia MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na kila anayepita njia hii mtu mzima ana jina lake la kukumbuka. Ticha alimpoteza mjomba. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunasubiri mkanda ukauke, na hakurudia.

Siku ya nne, Kemondo – Kamachumu

Sijalala, nimekaa nje na baridi mpaka ziwa likaanza kuwa la kijivu. Nimepiga frem tatu tu, ukingo wa meli na mkono wa mtu anakunywa chai. Nimeshuka Kemondo, wengine wanaendelea Bukoba mjini. Noah mpaka Muhutwe, alafu nyingine kupanda Kamachumu. Njia inapanda, hewa inabadilika, migomba kulia migomba kushoto na chini yake mibuni, kila nyumba imefichwa ndani ya kibanja chake huioni mpaka ufike mlangoni. Nimeona kahawa imeanikwa kwenye mikeka barabarani, ile ya maganda, bado inanukia utamu utamu.

Mdogo wake Ticha kanipokea na bodaboda. Njiani hajasema kitu ila tulipofika kwenye kichochoro cha kuingilia kazima pikipiki, tukatembea. Nikaelewa.

Mama alikuwa mlangoni. Mfupi, mwembamba, kitenge kifuani. Nikainama, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akanishika mikono yote miwili hakuiachia, akaniangalia vidole. Akasema, "Huyu ndiyo wa kamera. Mwanangu alisema vidole vyako vyeusi kama vyake."

Kweli kahawa na fiksa ziliacha alama kwenye kucha, zamani. Sa hivi vimeshatakata. Nilishindwa kujibu.

Nikampa sukari na kitenge nilichobeba, "Kasinge waitu," akasema, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, zile buni zinazochemshwa na majani alafu zinakaushwa, ndo heshima ya mgeni huku. Nimetafuna taratibu, chungu alafu tamu kwa mbali. Jioni tumekula ebitoke, ndizi za kupika, na maharage. Hajauliza kwa nini sikuja kuzika. Nilikuwa nimejiandaa na maneno toka Dodoma, nimeyapanga, nikaona usiku unapita hayaulizwi, ikabidi niseme mwenyewe. Mama, sikuja wakati ule. Akasema najua. Akasema ulituma, jina lako lilisomwa. Alafu kimya, alafu akasema, "Lakini nilikusubiri."

Siku ya tano, Kamachumu

Kaburi lipo nyuma ya nyumba ndani ya migomba, pembeni ya baba yake na babu yake. Vigae vyeupe, msalaba, jina na miaka. Majani ya migomba yanalidondokea na mama anayaondoa kila asubuhi, kuna fagio maalum limeegemezwa pale. Leo kaniachia fagio. Nimefagia polepole nikafika mpaka kwenye pembe, nikaokota na vijiti. Nikakaa chini. Sitaandika nilichosema pale.

Baadae nimetoa bahasha. Mama akaenda nayo nje kwenye mwanga, akaishika mbali, macho yake yanataka mbali. Kimya kirefu. Mi naangalia ile ngalawa kwenye macho nataka ardhi ifunguke. Akaweka kidole chini kabisa ya picha, sio usoni, chini miguuni. "Kasimama na mguu mmoja," akasema. Nikasogea. Kweli, Ticha kwenye ule mlango kakunja mguu wa kushoto kaegemeza unyayo kwenye goti la kulia, kama wachunga ng'ombe wanavyosimama. Miaka yote hii sijawahi kuuona ule mguu, mi nilikuwa nahangaika na uso tu. Akasema alianza kusimama hivyo akiwa na miaka minne, alikatwa na chupa unyayoni, kidonda kikapona lakini mguu ukazoea kupumzika. Akaita watoto wa jirani waje waone baba yao mdogo anavyosimama.

Picha ameipeleka chumbani kwake. Mimi nimempiga akiwa ameshika fagio pale kaburini, frem ya 31 kama nimehesabu vizuri.

Jioni nimeanza maandalizi. Kahawa yao ni robusta, ipo gunia zima stoo. Tumetwanga maganda kwenye kinu, tumepepeta, mama kakaanga kwenye chungu nami nimesimama juu yake na daftari, mama inatosha, mama inatosha, ye anasema hii bado mbichi, hii nani atakunywa. Nikamsomea alichoandika mwanae, usikaange sana. Akaipua hapo hapo. Imetoka rangi ya udongo wa hapa, sio nyeusi. Magadi nimeyakaanga mimi kwenye sufuria kavu, yanatoa mvuke yanapasuka pasuka mpaka yakawa unga mkavu.

Siku ya sita, Kamachumu

Hii siku niiandike vizuri.

Asubuhi nimechota maji ya mtungi, nimetumbukiza kipima joto. Nikasubiri. Digrii 20. Nikakitoa nikakifuta nikarudisha tena, 20. Dar sisi tulikuwa tunanunua barafu za mifuko tunazitumbukiza kwenye beseni, bomba linatoa maji ya 29, tunakimbizana na dakika, na Ticha kila Jumamosi anasema kwetu maji ya mtungi yenyewe ni ishirini, na mi kila Jumamosi nasema we Mhaya unasifia mpaka maji. Ndo hayo. Nimekaa na kile kipima joto mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Gramu 80 za kahawa zimechemka kwenye nusu lita na kidogo, nimechuja kwa kitambaa mara mbili, nimeacha ipoe kwenye beseni la maji ya mtungi. Vitamini C nimekuja na ya unga, gramu 8. Magadi gramu 27, kwanza magadi yayeyuke peke yake alafu vitamini, inachemka chemka mapovu, alafu kahawa ndo inaingia ya mwisho. Harufu yake aliyewahi kuifanya anaijua, ni mbaya, kama majani ya mifugo yaliyolowa. Mama akaja kwa hiyo harufu.

Kabla hujatia mkanda mzima unafanya jaribio la ulimi. Unakata kipande cha mwanzo wa mkanda, ule ambao umeshapigwa mwanga tayari, unakichovya kwenye kikombe mchana kweupe, kikigeuka cheusi dakika mbili tatu basi dawa inafanya kazi. Nikachovya. Mama kachuchumaa upande wa pili wa kikombe. Dakika mbili, kipo vile vile na urujuani wake kwa mbali. Dakika tano, rangi ya chai. Nikajua imefeli. Nikarudi kwenye daftari, napekua, nasoma namba 6 tena, uchachu unakula soda. Magadi ya sokoni yana mchanga na chumvi ndani yake, gramu 27 za jiwe sio gramu 27 za soda, na vitamini C ni asidi. Sasa niongeze kiasi gani? Sina kipimo cha kupimia ukali.

Mama akatumbukiza vidole viwili kwenye dawa, akavisugua na dole gumba. Akasema, "Bado hayatelezi." Nikamwangalia. Akasema zamani walikuwa wanachoma maganda ya ndizi, majivu wanayachuja na maji, ya kupikia na ya kufulia, na ukitaka kujua yameiva unasugua vidole, yakiteleza kama sabuni ndo yenyewe, yasipoteleza ongeza majivu. Ndivyo hasa. Kitu chenye alkali kinateleza, Ticha alikuwa anawafundisha watoto wa watu hilo hilo darasani, na aliyemfundisha yeye mwanzo kumbe yupo hapa.

Nikaongeza kijiko, akasugua, bado. Kijiko kingine, bado kidogo. Cha tatu akasugua, akatabasamu, akanipa vidole vyake nivishike. Vinateleza. Nikakata ulimi mwingine nikachovya. Sekunde kama arobaini ukaanza kijivu kutokea pembeni, ukasogea ndani, dakika moja na nusu ukawa mweusi tii kama mkaa. Mama akapiga makofi mara moja, "Haa!", na kile kicheko, jamani, ni kile kile. Kile cha kwenye daladala.

Ilibidi niende nje kidogo.

Mkanda nimeuingiza kwenye tanki chumbani alikolala Ticha utotoni, mikono ndani ya mfuko mweusi, macho nimefumba ingawa haisaidii chochote. Dakika 15, unageuza tanki sekunde kumi kila dakika, mama kakaa kitandani anahesabu nami kwa Kihaya. Suuza. Fiksa dakika nane. Nimefungua kifuniko, nikavuta mwanzo wa mkanda, na zipo. Negativu zina rangi ya kahawia kwa ile kahawa, lakini zipo, safi, nguzo za reli zimesimama na pori limevutika, sura za abiria kwenye handaki ni madoa tu, mkono wa yule mtu na kikombe cha chai nausoma mpaka mvuke. Za kuanzia 29 mpaka mwisho shata imekwama kwenye baridi ya huku, pazia halikufunguka sawa, nusu ya kila frem ni tupu. Ya mama kaburini ni mojawapo. Lipo fagio, upo mkono, upo msalaba, upande wake wa kulia hakuna. Nimeumia. Nimempiga tena mchana kwa ule mkanda wa 2006, 1/60 mara nne kwa tahadhari, nitausafisha nikirudi na magadi yaliyobaki.

Mkanda umekauka kwenye kamba ya nguo kati ya migomba, juu kibanio kimoja na chini viwili vya uzito. Watoto wamekuja kuusoma mmoja mmoja juani.

Nimeandika kwenye daftari, chini ya mistari yake mitatu: magadi gramu 27 na vijiko vitatu, mpaka yateleze. Kapima mama. Imekubali.

Siku ya saba, asubuhi, Kamachumu

Nilitaka kuiacha Zenit hapa. Mama kakataa, kasema huku itakula kutu na nani ataitumia, zamu ni yako. Sikubishana.

Ila kuna kitu nimeacha. Kopo tupu la Africafé, nimelitoboa tundu la sindano, ndani nimeweka karatasi ya picha nyeusi na nyeupe, nimeziba kila upenyo kwa gundi nyeusi na kulifunga kwa waya kwenye mti wa mpaka, linatazama mashariki juu ya kaburi. Hili haliitaji dawa. Jua likichomoza kila siku linachora mstari wake mmoja kwenye karatasi, siku ya mawingu mstari unakatika, na huku tulipo karibu na ikweta jua linahama kutoka kaskazini mpaka kusini, kwa hiyo kuanzia sasa Julai mpaka Desemba mistari itajaa karatasi yote. Ticha alikuwa na ndoto ya kulifanya hili kwao, alikuwa analiongelea tu.

Mama kaliangalia, kaligonga na ukucha. Akauliza nikifungua kuangalia kabla ya muda je? Nikamwambia mwanga wote unaingia mara moja mama, inaungua yote. Akauliza na nani anajua kulifungua. Nikasema ni mimi, inabidi lifunguliwe gizani alafu karatasi ipigwe skani.

Akatoa kipande cha kile kitenge nilichomletea, alishakikata tayari, akakizungushia kopo chini ya tundu asilizibe, akafunga fundo, akakaza.

"Basi Desemba," akasema. "Senene watakuwepo."

Noah ya Muhutwe inapiga honi barabarani, naandika haya nimesimama.